Mume Akikonda, Anayeulizwa ni Mke

Mwezi huu naomba mniwie radhi, barua zenu zitasubiri kidogo. Mwenzenu nina jambo la ndani ya nyumba yangu, na mwenye jambo, yaani mume wangu, ameniruhusu kulisema. Tena aliisoma safu hii kabla haijaenda mtamboni akafuta sentensi mbili tu. Sitawaambia ni zipi!

Basi ilianza hivi. Mwaka juzi, mwezi wa pili, nikagundua kwamba mwenzangu anaamka sana usiku. Saa sita anatoka, saa nane anatoka, saa kumi anatoka tena. Ananyata taratibu kama mtu asiyetaka kuniamsha, anakwenda huko, anakaa, anarudi. Wewe ungefikiria nini? Mimi ninayehariri visa vya mapenzi kila mwezi nilifikiria hicho hicho unachofikiria wewe sasa hivi. Nikasema tayari, kuna mtu anachati naye msalani.

Usiku wa nne nikamfuata. Nimeshajifunga kanga kiunoni, niko tayari kwa vita. Kabla sijatoka nikapapasa chini ya mto wake, simu hiyo hapo. Yeye nilimkuta jikoni gizani, amesimama mbele ya friji, anakunywa maji kwa jagi.

"Vipi, Baba Neema?"

"Kiu," akasema. "Sijui nina nini mke wangu. Kiu haiishi, na nikinywa tu nakimbilia chooni."

Jamani, naona aibu kuliandika hili, lakini nilifurahi. Nilirudi kitandani nikalala usingizi mzito, maana kumbe ni maji tu, si mwanamke! Zikapita wiki tano ndipo akaenda kupima, tena ni baada ya macho kuanza kumletea ukungu akiwa anaendesha gari.

Majibu yalikuja hivi: sukari kabla ya kula asubuhi 13.6. Kwa kawaida inatakiwa iwe chini ya 6, na ikifika 7 au zaidi, kipimo kikarudiwa ikawa hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Presha 160 kwa 100. Uzito kilo 104. Umri miaka 38.

Daktari alituuliza, "Alipooa alikuwa na kilo ngapi?" Mimi ndiye niliyejibu, maana suti ya harusi niliipeleka mwenyewe kwa fundi. Kilo 72.

MWILI WA NDOA

Hapa ndipo mwenzenu panaponiuma. Zile kilo 32 za katikati zilikuwa fahari yangu. Kila alipoongeza suruali saizi moja, pongezi zilikuja kwangu. "Shosti, mumeo kanawiri!" "Ndoa imemkubali huyu." "Mama Neema unamtunza mzee, tumbo la pesa hilo." Na mimi nikazidi kutia nazi kwenye wali, nikazidi kukaanga. Chakula cha usiku kilikuwa saa tatu na nusu, sahani imejaa mpaka ukingoni, juisi ya embe yenye sukari pembeni, halafu tunakaa kwenye sofa tunaangalia tamthilia hadi usingizi. Kumuona amemaliza ndiyo ilikuwa raha yangu. Kwetu mke hasemi "nakupenda", anasema "ongeza".

Mimi mwenyewe sikubaki nyuma. Niliolewa na kilo 58, siku ile tulipima wote wawili nikakutwa na 83. Nilikuwa najifariji kwamba ni uzazi, kwamba ndiyo shepu ya Kiafrika, kwamba wanaume wanapenda mwanamke aliyejazia. Lakini Neema ana miaka sita. Uzazi gani huo usioisha?

Na tuwe wakweli, mpenzi msomaji. Sisi tuliokua miaka ya tisini tunajua kwa nini unene ulipewa heshima kiasi hicho. Tuliona majirani na ndugu wakikonda, wakibaki macho na mifupa, halafu tukawazika. Kukonda kulimaanisha umekanyaga waya. Kunenepa kulimaanisha uko salama, una chakula, una mtu wa kukujali. Woga ule haujatoka mpaka leo, hata baada ya dawa za kufubaza virusi kuwawezesha watu kuishi na afya njema na mwili wao. Bado tunalisoma tumbo la mtu kama cheti cha afya, wakati mara nyingi ni onyo.

KWA NINI TUMBO?

Nilimwomba daktari anieleze kama anavyoeleza mtoto wa darasa la tano, naye akakubali. Chakula kikishayeyushwa, sukari yake inaingia kwenye damu. Kiungo kinachoitwa kongosho kinatoa insulini, ambayo kazi yake ni kama ya mtu mwenye funguo. Inafungua milango ya misuli na viungo vingine ili sukari iingie, itumike kama nguvu. Sasa mafuta yakizidi mwilini, hasa yale ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini, milango inakuwa migumu kufunguka. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza, linaongeza, mpaka linachoka. Sukari inabaki inazurura kwenye damu. Figo zinajaribu kuitoa kwa mkojo, ndiyo maana mtu anakwenda haja ndogo kila saa, na maji yakitoka kiu inakuja. Hilo ndilo lililokuwa jikoni kwangu saa nane ya usiku.

Sukari ikizurura hivyo kwa miaka, inaharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, na ile mikubwa ya moyo na ubongo. Presha ikiungana nayo, kiharusi hakiko mbali. Na kwa akina kaka mnaosoma safu hii kwa kujificha, mishipa hiyo hiyo na neva hizo hizo ndizo zinazofanya kazi chumbani. Kabla hujanunua dawa ya nguvu za kiume kwa muuzaji wa mtaani, nenda kapime sukari na presha.

Ila hili nalo lisikilizwe: si kila mnene ana kisukari, na si kila mwenye kisukari ni mnene. Kuna urithi, kuna umri, kuna kisukari cha aina ya kwanza kinachowapata hata watoto wembamba kabisa. Aina ya pili, iliyompata mwenzangu, ndiyo inayotembea bega kwa bega na unene.

SIRI

Tulipotoka hospitali mume wangu hakuwasha gari. Akaniambia, "Mama Neema, hili libaki kati yetu. Mama asijue. Kazini wasijue." Nikaahidi. Mwanaume wa miaka 38 hataki kuitwa mgonjwa, na nadhani unajua wanachosema watu kuhusu ndoa ya mwenye sukari.

Tukaanza. Vidonge vya metfomini, dawa ya presha, na sahani mpya. Jioni tunatembea, mwanzoni dakika kumi tu, maana goti lilikuwa linamuuma, baadaye dakika arobaini. Baada ya miezi kumi alikuwa na kilo 86. Sukari ya asubuhi ikawa inacheza kwenye 6 na kidogo. Mimi nikafika 74. Ndani ya nyumba tukawa tunapongezana kama watoto waliofaulu mtihani.

Nje ya nyumba mambo yakawa mengine kabisa.

Ilianza na picha ya harusi ya binamu yake kwenye kundi la familia la WhatsApp. Suti inampwaya, shingo imekuwa ndefu. Wifi yangu akanipigia siku hiyo hiyo: "Wifi, kaka anaumwa?" Nikasema hapana. "Mbona kakonda hivyo? Au ndiyo mambo yenu ya dayati?" Wiki iliyofuata dada mmoja saluni akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeshapima. Halafu nikasikia na lile la pili, kwamba eti simpi chakula, kwamba pesa zake zinajenga kwetu, kwamba kuna kitu namwekea. Yaani mume aliponenepa nilisifiwa mimi, na alipokonda nikashtakiwa mimi. Yeye mwenye mwili hakuulizwa hata mara moja.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kujitetea, "ana kisukari", na nimeapa kutoyasema. Usiku mmoja nikamwambia, "Siri yako inanimaliza jina." Akanyamaza. Tulilala tumegeukiana migongo, kitu ambacho hatukuwahi kufanya hata katika ugomvi wetu mkubwa kabisa. Mimi mwenye digrii ya mawasiliano, nawafundisha wasomaji kila mwezi namna ya kuzungumza na wenza wao, kwangu nilikuwa nimekwama.

MAMA ANAKUJA

Mama mkwe akapanda basi kutoka Muheza. Alishuka na gunia la machungwa, kuku wawili wa kienyeji na chupa ya samli. Hakukaa hata kitini, akamwangalia mwanawe juu mpaka chini, halafu akanigeukia mimi.

"Mama Neema, mwanangu, mwenzio kafanywa nini?"

"Mzima mama. Amepungua tu."

"Mtu hapungui hivi hivi," akasema, na jioni hiyo hiyo akaingia jikoni mwenyewe.

Alipika wali wa nazi na kuku wa mchuzi mzito. Akampakulia mwanawe mlima. Mume wangu akaniangalia, mimi nikaangalia meza. Akala wote. Mama akamwongeza, akala tena. Niliona kabisa anakula ili mama yake asiumie, na mama anapakua kwa sababu anaogopa kumzika. Wote wawili wanapendana, na sahani iko katikati.

Saa tano usiku alijichoma kidole akapima. 17.8. Akakaa na kile kimashine mkononi muda mrefu. Halafu, bila kuniambia neno, akatoka akaenda kumgongea mama yake mlango. Nikamfuata.

"Mama," akasema, "nina sukari. Karibu mwaka sasa. Mke wangu hajaniroga wala hajaninyima. Yeye ndiye anayenilisha vizuri. Mimi ndiye niliyemkataza kusema."

Mama mkwe alikaa kitandani kimya. Nilitegemea kilio, nilitegemea maombi. Badala yake akauliza swali moja: "Unaamka usiku kunywa maji?"

"Nilikuwa naamka."

"Baba yako naye alikuwa anaamka," akasema. "Mtungi ulikuwa haufiki asubuhi."

Baba mkwe sikumkuta. Nilichojua ni kwamba alifariki kwa kidonda cha mguu ambacho hakikupona, na kwamba familia iliamini alitegwa kwenye mpaka wa shamba. Waliuza ekari mbili kwa ajili ya waganga. Walikosana na jirani hadi leo hawazikani. Na yeye pia alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, akiwa hai watu walimwita bwana shamba kwa ajili ya kitambi chake. Hakuna aliyewahi kumpima sukari.

Mama alilia wakati huo, lakini si kwa ajili ya mwanawe.

NJE YA NYUMBA YANGU

Nimeeleza ya kwangu kwa urefu kwa sababu najua si ya kwangu peke yangu. Mwaka 1989 watafiti wakiongozwa na Dkt. Donald McLarty walichapisha matokeo ya kupima sukari kwenye vijiji 6 vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta watu 9 kati ya 100 wana kisukari, na kama 26 kati ya 100 wana presha ya juu. Tafiti hizi hazikupima watu wa umri uleule, lakini tofauti ni kubwa mno kuifumbia macho.

Na sisi akina mama? Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha wanawake 28 kati ya 100 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Ule wa 2022 ukaonyesha 36. Utafiti huo huo wa 2022 ukakuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Yaani nchi moja, wakati mwingine hata nyumba moja, mama amezidi uzito na mtoto amedumaa, na zahanati ni ile ile moja inayotakiwa kuhudumia malaria, uzazi, na sasa sukari na presha za maisha yote. Figo ikishafeli, kusafishwa damu ni mara mbili au tatu kwa wiki. Waulize waliouza viwanja.

Msidhani nasema watu wamekuwa walafi. Hapana. Maisha yamebadilika na miili yetu haijapewa taarifa. Ofisini tunakaa saa nane, barabarani kwenye foleni saa tatu, na mwendo wa dakika kumi tunachukua bodaboda kwa sababu hakuna hata pa kutembea kwa miguu bila kugongwa. Chipsi mayai iko kila kona, ila mchicha mpaka ukaununue, uuchambue, uupike. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Ongeza vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja, umefika kumi na nane, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi kama kumi na viwili kwa siku, na ikiwezekana iishie sita.

TUFANYEJE, MPENZI MSOMAJI?

Kwanza, acha neno "kibonge wangu" na "mifupa wewe" mbele za watu. Mwili wa mwenzako si mada ya kuchekesha wageni. Kama una wasiwasi, mwambie mkiwa wawili, na usimwambie "punguza", mwambie "tupunguze". Mume wangu asingeweza peke yake huku mimi nakaanga sambusa upande wa pili.

Pili, pimeni pamoja, sukari na presha, kama mlivyopima kabla ya ndoa. Presha haina dalili, usisubiri kichwa kiume. Na chukua kamba, pima urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Kama haifiki, tumbo limezidi.

Tatu, sahani. Nusu iwe mboga za majani, robo wali au ugali, robo samaki, maharage, kuku au nyama. Hatukuacha chakula chetu hata kimoja, tulibadilisha nafasi zake tu. Mafuta napima kwa kijiko, simimini tena kutoka kwenye dumu. Chungwa tunalila, hatulikamui. Na mguu kwa mguu kila jioni, angalau dakika 150 kwa wiki.

Nne, achaneni na chai za kukata tumbo ndani ya siku saba. Nyingi ni za kuharisha tu, utapoteza maji na hela. Na mwenye dawa asiziache kwa sababu amejisikia vizuri, wala asibadilishe dozi kwa ushauri wa shoga yake, mimi nikiwemo. Daktari wako ndiye msemaji.

Tano, semeni. Kisukari cha aina ya pili kinatembea kwenye ukoo, na ukoo usiojua hauwezi kujikinga. Mama mkwe aliporudi Muheza aliwapigia watoto wake wote wanne waliobaki, kila mmoja akapime. Wifi yangu, yule yule wa "mbona kakonda", alikutwa na 6.4. Si kisukari bado, lakini yuko mlangoni. Mlangoni ni mahali pazuri pa kugundua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu walio mlangoni hivyo, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Sasa wifi ananitumia picha za viatu vyake vya mazoezi kila asubuhi. Hajaniomba radhi, lakini picha zake nazipokea.

Kuhusu yule jirani wa shamba la Muheza, mama mkwe alikwenda kumuona. Hajatuambia walizungumza nini. Ila mwezi uliopita kulikuwa na msiba upande wa pili wa mpaka, naye alikwenda akakaa mkekani mpaka jioni.

Siku hizi akinipigia haulizi tena, "Umemlisha?" Anauliza, "Mmepima?" Na mimi najibu kwa wingi ule ule aliotumia: tumepima, mama.

Wewe je, mmepima? Niandikieni. Tukutane mwezi ujao, nawapenda.